Kidole Gumba na Padi ya Gemu



Katika toleo lililopita tulizungumzia kuharisha kwa watoto na jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Mwezi huu tunaingia katika jambo ambalo miaka ya nyuma tusingalidhani kwamba lingefika katika ukurasa huu, nalo ni padi ya gemu, yaani kile kifaa anachoshika kijana mikononi anapocheza gemu za kupigana kwenye televisheni. Tunawaomba wazee wasifunue ukurasa mwingine. Jambo hili limetufikia hospitalini, na aliyelileta alikuwa karibu kushindwa kushika kalamu.

Alikuja na mama yake siku ya wagonjwa wa nje. Ni kijana wa Kidato cha Nne, mwenye afya njema, ila mkono wa kushoto ameuficha mfukoni. "Shikamoo, sista," akasema, kisha akanyamaza, mama akawa ndiye wa kujieleza. Alituambia kwamba mwanawe aliangukia mkono akicheza mpira, na sasa yapata miezi mitatu anapaka dawa ya kuchua bila nafuu. Tuliuangalia mkono. Hapakuwa na dalili ya kuvunjika wala kuteguka. Tulimwomba akunje kidole gumba ndani ya ngumi, kisha ainamishe ngumi hiyo taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Akaruka kitini kwa maumivu, na mahali alipopashika ni pale pembeni mwa kifundo cha mkono, chini kabisa ya kidole gumba.

Mama alipotoka kwenda kukata kadi, kijana akatuambia ukweli. Hakuanguka. Mjomba wake alimletea mashine ya PlayStation 4 kutoka Dar es Salaam, na kila jioni anacheza Tekken. Baba alishasema kwamba mashine hiyo ikileta shida yoyote itauzwa. Kwa hiyo alipoanza kuumwa aliona heri kusingizia mpira. Tena yeye huandika kwa mkono wa kushoto, na mtihani ulikuwa umebaki wiki saba.

Kwanza tueleze ugonjwa wenyewe. Kidole gumba husogezwa na kano kadhaa, na mbili kati ya hizo hupita pamoja ndani ya ala moja nyembamba pembeni mwa kifundo, mfano wa kamba mbili zinazopita katika bomba moja. Kidole kikienda na kurudi mara nyingi mno bila kupumzika, ala hiyo hunenepa, nafasi hupungua, na kila kano inapopita husuguana nayo. Daktari wa Uswisi aitwaye Fritz de Quervain alieleza hali hiyo mwaka 1895, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Akina mama wenye watoto wachanga wanaujua ugonjwa huu hata kama hawajui jina lake, kwa sababu unawapata wanapomnyanyua mtoto kwa kumshika chini ya makwapa, vidole gumba vikiwa vimetanuka. Kukamua nguo nzito nako huuchochea. Na habari ya gemu si ngeni kwa madaktari. Mwaka 1990 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha barua ya daktari aliyemwona mama wa miaka 35 akiwa na maumivu makali ya kidole gumba cha kulia. Alikuwa amecheza Nintendo ya mwanawe kwa muda wa saa tano mfululizo. Kwa hiyo tusiwacheke vijana peke yao.

Tulimwambia kijana arudi kesho yake na padi yake. Akaileta ndani ya mfuko wa plastiki, akiiweka mezani kwa aibu kana kwamba ni kitu cha wizi. Tukamwambia aishike acheze kama kawaida yake, bila televisheni, nasi tukachukua ile saa tunayopimia mapigo ya moyo, tukahesabu mara ngapi kidole gumba cha kushoto kinapita juu ya kile kitufe chenye umbo la msalaba kwa dakika moja. Zilizidi mapigo ya moyo wake. Tena alikuwa anabonyeza kwa nguvu hata ukucha unakuwa mweupe.

Kubonyeza kwa nguvu si kupiga kwa nguvu

Hapa ndipo tulipogundua jambo ambalo wachezaji wengi hawalifikirii. Katika gemu za siku hizi kitufe cha kupigia kina hali mbili tu, ama kimebonyezwa ama hakikubonyezwa. Ukikigusa kidogo au ukikikandamiza kama unayeponda karanga, ngumi inayotoka kwenye televisheni ni ile ile. Hapo mwanzo haikuwa hivyo. Kampuni ya Capcom ya Japani ilipotoa Street Fighter ya kwanza mwaka 1987, mashine zake nyingine zilikuwa na vibao viwili vikubwa vya mpira, kimoja cha ngumi na kingine cha teke, na kadiri mchezaji alivyokipiga kwa nguvu ndivyo pigo lilivyokuwa zito. Wachezaji walichoka, vibao vikachakaa, na mahali pake pakaja vitufe sita: ngumi tatu na mateke matatu, hafifu, la wastani na zito. Street Fighter II ya 1991 iliueneza mpango huo wa vitufe sita duniani kote. Nguvu ya mkono ikawa haina kazi tena, lakini tabia ya kukandamiza tunaiona mpaka leo, hasa mchezaji anapokaribia kushindwa.

Kwa kijana wetu kulikuwa na sababu nyingine. Padi yake ilinunuliwa ikiwa imeshatumika. Chini ya vitufe vya padi nyingi kuna mpira mdogo unaobonyea na kurudi. Mpira huo ukichakaa, au uchafu ukiingia, kitufe hakishiki mpaka ukikandamize. Kidole kinafanya kazi mara mbili bila mwenyewe kujua. Padi za kwenye vibanda vya gemu, ambazo mikono mingi hupita kutwa nzima, mara nyingi ziko hivyo. Ndiyo maana tunasema padi iliyochoka hugharimu zaidi kuliko mpya. Fundi anayefungua simu na redio anaweza kuifungua, kuisafisha kwa spiriti na kubadilisha mipira hiyo, nayo si kazi kubwa. Mjaribu kabla ya kununua: kila kitufe kishike kwa mguso mwepesi, na kirudi upesi bila kunata.

Kuchagua kifaa

Vijana watamwambia mzazi kwamba bingwa fulani anatumia kifaa fulani, kwa hiyo na wao wanunuliwe. Mzazi ajue kwamba mabingwa wenyewe hawakubaliani. Mashindano makubwa ya gemu hizi yaitwayo Evo yamefanyika miaka mingi Las Vegas, Marekani. Mwaka 2014 Mfaransa Olivier Hay, ajulikanaye kama Luffy, alishinda upande wa Ultra Street Fighter IV akitumia padi ya PlayStation ile ya kwanza kabisa, ambayo wengine wangekwisha kuitupa. Mjapani Daigo Umehara alishinda Evo ya 2009 katika Street Fighter IV na ya 2010 katika Super Street Fighter IV akitumia sanduku lenye kijiti. Baadaye sana akahamia kwenye sanduku la vitufe vitupu. Mtu huyu aliwahi kuacha mashindano akafanya kazi ya kutunza wazee kabla ya kurudi kwenye gemu, nasi wauguzi tuliposikia hivyo tulimpenda zaidi.

Vifaa ni vya aina tatu. Ya kwanza ni padi ya kawaida, inayoshikwa kwa viganja viwili. Ni nyepesi, ya PlayStation 4 ina kiasi cha gramu 210 na ya PlayStation 5 kiasi cha gramu 280, na ndiyo rahisi kupatikana. Ubaya wake ni kwamba kidole gumba cha kushoto peke yake kinabeba mwendo wote: mbele, nyuma, kuruka, kuchuchumaa, pamoja na ile mizunguko ya chini, mshazari, mbele, ambayo bila hiyo mapigo maalumu hayatoki. Kidole gumba cha kulia nacho kinabonyeza karibu mapigo yote. Vidole vinane vilivyobaki kazi yao kubwa ni kushikilia tu.

Ya pili ni sanduku lenye kijiti kama mashine za zamani za kwenye kumbi za michezo. Huwekwa mezani au mapajani. Mwendo hapa hutoka kwenye kifundo na mkono mzima, na vitufe hupigwa kwa vidole vinne. Mwenye kidole gumba kibovu hupata nafuu, lakini mwenye maumivu ya kifundo au ya kiwiko anaweza kuyaongeza, hasa kama anakishika kijiti kama mpini wa jembe. Kijiti hushikwa kwa vidole, kwa wepesi, kama unavyoshika yai. Sanduku hili ni zito na bei yake inaweza kufikia padi mbili, tatu au zaidi.

Ya tatu ni sanduku lisilo na kijiti. Kushoto, chini na kulia ni vitufe vitatu vya vidole vya mkono wa kushoto, na kuruka ni kitufe kikubwa cha kidole gumba. Hapa kazi imegawanywa, kila kidole na sehemu yake, na kifundo hakizunguki. Kwa maoni yetu ndiyo inayohurumia kidole gumba kuliko zote. Lakini inahitaji wiki kadhaa za kujifunza upya, na kijana asiyejua hilo hukata tamaa siku ya pili. Isitoshe, sanduku la namna hii linaruhusu kubonyeza kushoto na kulia kwa pamoja, jambo lisilowezekana kwa kijiti, kwa hiyo anayetaka kushindana asome kwanza kanuni za mashindano. Mwenye kompyuta anaweza kujaribu mtindo huu bila kutoa hata senti, kwa kutumia kibodi, ingawa kibodi nyingine hushindwa kusoma vitufe vingi vikibonyezwa pamoja.

Kabla ya kununua chochote angalia kama kinaingiliana na mashine iliyopo. Padi ya PlayStation 4, kwa mfano, itaunganika na PlayStation 5, lakini itacheza gemu za PlayStation 4 tu. Tumewaona wazazi waliotoa fedha wakarudi nyumbani na kitu kisichofanya kazi.

Basi achague vipi? Mkono ndio uulizwe. Anayeumwa chini ya kidole gumba aondoe mzigo kwenye kidole hicho. Anayepata ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ikimwamsha usiku, anabana mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo, naye aangalie zaidi jinsi kifundo kinavyopinda kuliko aina ya kifaa. Anayepata ganzi katika kidole kidogo na cha pete huenda analalia viwiko vyake sakafuni, na kwake dawa ya kwanza ni kiti. Mtoto mwenye mkono mdogo asipewe padi kubwa inayomlazimu kunyoosha kidole gumba mpaka mwisho. Na asiyeumwa popote, mwenye padi nzima, hana haja ya kununua kitu kingine.

Kuipanga

Kijana wetu hakununua kifaa kipya, fedha hazikuwapo. Tulichofanya pamoja naye ni kuipanga upya padi ile ile, baada ya fundi kuitengeneza na baada ya mkono kupumzishwa.

Tekken ina vitufe vinne vya kupigia, kila kimoja na kiungo chake: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Ndiyo maana inakaa vizuri kwenye padi, kwa kuwa upande wa kulia wa padi una vitufe vinne hasa. Taabu huja pale mapigo yanapotaka vitufe viwili kwa pamoja, kidole gumba kikalazimika kulala juu ya viwili au kujipinda. Gemu yenyewe ina ukurasa wa kupanga vitufe, na humo unaweza kuweka mchanganyiko huo wa viwili kwenye kitufe kimoja cha mabegani, vile vyenye alama L1, L2, R1 na R2. Hivyo vidole vya shahada na vya kati, ambavyo vilikuwa wavivu, vinapata kazi. Street Fighter 6, iliyotoka 2023, ina vitufe sita, kwa hiyo kwenye padi viwili lazima viende mabegani. Lakini gemu hiyo ina pia mpangilio mwepesi, ambamo pigo maalumu hutoka kwa kitufe kimoja na mwelekeo, bila kuzungusha kidole. Vijana huudharau wakisema ni wa watoto, na ni kweli kwamba pigo lililotolewa hivyo hupunguzwa nguvu kwa asilimia 20. Kwa mwenye kano zilizovimba hayo ni makato madogo.

Kama gemu haina ukurasa huo, PlayStation 4 yenyewe inao, katika mipangilio, sehemu ya wenye mahitaji maalumu. Katika mipangilio hiyo hiyo, upande wa vifaa, mtetemo wa padi unaweza kuzimwa. Tulimshauri auzime, maana mtu akishika kitu kinachotetemeka hukaza mkono.

Halafu mwili. Mchezaji aketi kwenye kiti chenye mgongo, miguu ikanyage chini, viwiko vipinde kama pembe ya meza na vikae karibu na mbavu, padi ikae mapajani na si hewani. Kifundo kiwe kimenyooka na mkono wa mbele, kisipinde juu wala pembeni. Televisheni iwe usawa wa macho. Kijana wetu alikuwa akikaa sakafuni, televisheni juu ya kabati, shingo nyuma, padi kifuani. Alipoonyesha mkao huo hata mama yake alicheka, na nadhani siku hiyo ndipo mambo yalipoanza kulainika nyumbani.

Vijana hupenda waya kuliko kuunganisha bila waya, na hapa hatuwapingi. Gemu hizi huonyesha picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha hukaa kama sehemu 17 za sekunde iliyogawanywa mara 1000, na kuchelewa kidogo tu hutosha kupigwa. Ila waya uwe mrefu wa kutosha, usimvute mtu akae amejikunja mbele ya mashine.

Kuhusu muda, tunashauri kila baada ya nusu saa padi iwekwe chini kwa dakika tano au kumi, vidole vifunguliwe na kufumbwa, mabega yazungushwe. Anayeanza kuumwa aache siku hiyo hiyo, asingoje kumaliza raundi.

Padi ya watu wengi

Padi inayochezewa na watoto kumi hupitisha mafua, upele na vijidudu vya kuharisha tulivyovieleza mwezi uliopita. Wanawe mikono kabla na baada, wasile huku wakicheza. Padi ifutwe kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo spiriti, ikiwa imezimwa na haina waya. Usiimwagie maji wala dawa.

Tusiwasahau pia watoto wenye ulemavu, ambao mara nyingi huachwa pembeni wenzao wakicheza. Mmarekani Mike Begum alizaliwa na ugonjwa unaokaza viungo vya mwili, mikono yake haikuweza kushika padi kama ya mtu mwingine. Alicheza Street Fighter kwa uso na mdomo, padi ikiwa ya kawaida tu, na mpaka alipofariki mwaka 2024 aliheshimiwa na wachezaji wakubwa. Microsoft ilitoa mwaka 2018 kifaa maalumu chenye vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuchomekea vingine, na Sony ikatoa cha kwake Desemba 2023. Ni ghali, lakini kupanga vitufe upya kwenye padi ya kawaida ni bure, na pengine panatosha.

Lini aje hospitali

Maumivu yanayoanza hupoa kwa kupumzisha mkono, kukanda kwa kitambaa cha maji baridi dakika kumi mara chache kwa siku, na kufunga banzi linaloshika kifundo pamoja na kidole gumba. Ibuprofeni husaidia kwa siku chache baada ya chakula, lakini isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo wala mama mjamzito bila kuuliza. Mkono usivutwe, usichuliwe kwa nguvu, wala usichanjwe. Kano iliyovimba haipendi kusuguliwa tena.

Kijana wetu alivaa banzi wiki tano, akilivua kwa kuoga na kwa mazoezi tuliyomfundisha. Aliandika mtihani wake akiwa na kalamu tuliyoiviringishia plasta ili iwe nene, isimlazimu kubana. Mashine haikuuzwa. Baba yake alikuja mwenyewe kutuuliza kuhusu urefu wa kiti.

Akipita wiki mbili hadi tatu bila nafuu, aje. Daktari anaweza kumchoma sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe kwenye ala, na ni wachache wanaofikia upasuaji mdogo wa kuifungua. Aje mapema zaidi akipata ganzi isiyoondoka, vitu vikimdondoka mkononi, au nyama ya shina la kidole gumba ikianza kupungua. Na aje siku hiyo hiyo kama kiungo ni chekundu, cha moto, na ana homa, maana hapo si gemu tena, huenda ni usaha. Asiogope kusema alichokuwa akikifanya, na padi yake aje nayo.